Shajara ya Matengenezo: Kikono cha Vali Ndani ya Bunduki ya Maji

Jumamosi, baada ya Alasiri

Mpwa wangu mwenye umri wa miaka 9 amekuja leo na bunduki yake ya maji ikiwa imefungwa ndani ya kanga ya mama yake. Alinisalimu, akaiweka juu ya meza, akaniambia: "Mjomba, upepo unajaa kama kawaida, lakini maji hayatoki. Usiitupe." Aliinunua sikukuu ya Idd el Fitri iliyopita kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja, hapa Unguja, kwa pesa za sikukuu alizokusanya mwenyewe nyumba hadi nyumba, kwa hiyo namwelewa anapoihofia. Nimemwahidi kwamba haitatupwa, na kwamba nitaandika kila hatua ya matengenezo ili naye aje kuisoma.

Maneno yake yalikuwa utambuzi wa kutosha wa hitilafu. Pampu ilipokuwa ikisukumwa mara kumi hivi ilianza kuwa nzito, ishara kwamba tangi, kifuniko na vali ya kuzuia hewa isirudi viko salama. Kifyatuo, kwa upande wake, kilikwenda nyuma bila uzito wowote na kikabaki huko huko hadi nilipokirudisha kwa kidole. Maana yake ni kwamba kifyatuo kimeachana na kile kinachokivuta, na kwamba vali yenyewe bado imefunga barabara.

Hapa kuna jambo linalostahili tahadhari. Bunduki ambayo kifyatuo chake hakifanyi kazi haina njia ya kawaida ya kutoa hewa iliyobanwa ndani yake, na mtu akiifungua kwa bisibisi ikiwa katika hali hiyo, vipande vinaweza kuruka usoni. Niliigeuza tangi likiwa juu, nikalegeza kifuniko cha tangi robo mzunguko kwa robo mzunguko huku nimekifunika kwa kitambaa, nikasubiri mpaka mlio wa hewa ukakoma kabisa. Baada ya hapo ndipo nilipomwaga maji na kuiacha ikauke kivulini.

Jumamosi, usiku

Ganda la bunduki ni nusu mbili zilizoshikwa kwa skrubu 9, nane fupi na moja ndefu iliyo karibu na pampu. Nilichora umbo la bunduki kwenye kipande cha boksi na kuichomeka kila skrubu mahali pake kwenye mchoro, kwa sababu skrubu ndefu ikiingizwa kwenye tundu la skrubu fupi hutoboa ganda upande wa pili, na hapo kazi ya pili inazaliwa kabla ya ya kwanza kwisha.

Ndani yake mpangilio ni rahisi na unapendeza kuutazama. Hewa inasukumwa kwenye tangi, hewa inayakandamiza maji, na maji yanashuka kwenye chumba kidogo cha vali. Plagi yenye kipenyo cha milimita 6 inaziba njia ya kwenda mdomoni, ikisukumwa mbele na springi. Nyuma ya plagi kuna ufito wa plastiki wenye kichwa kinene mwishoni, na kifyatuo kinapovutwa, ufito huo unarudi nyuma na maji yanapata njia. Mfumo huu wa kubana hewa ndio uliobadilisha bunduki za maji duniani. Mhandisi wa Kimarekani Lonnie Johnson alipata wazo lake mwaka 1982, alipokuwa akijaribu nyumbani pampu ya joto inayotumia maji, na modeli yake iliyovutia kampuni ya michezo ya watoto ilikuwa na mabomba ya PVC na chupa ya soda ya lita 2 kama tangi. Bidhaa ilifika sokoni mwaka 1990, na mwaka uliofuata ikapewa jina la Super Soaker. Hii iliyo mezani kwangu haina uhusiano na kampuni hiyo, lakini kanuni inayoiendesha ni ile ile.

Kilichovunjika ni kikono kimoja tu. Kifyatuo kinaning'inia kwenye pini iliyo juu yake. Milimita 12 chini ya pini, ubavuni, kilikuwa kinatokeza kikono chenye ncha mbili mfano wa uma, ambacho kinaukumbatia ufito mbele ya kile kichwa kinene. Kikono kina urefu wa milimita 15, kimo cha 8 na unene wa 3, nacho kimekatika pale pale kinapoungana na ubavu wa kifyatuo.

Niliuweka uso wa mvunjiko chini ya kioo cha kukuzia na kurunzi. Plastiki yenyewe ni ya buluu, lakini kwenye uso wa nyuma wa shina la kikono kuna mstari mweupe wenye upana wa nusu milimita, na kutoka kwenye mstari huo mawimbi madogo yanasambaa kuelekea mbele kama yale ya mgongo wa kombe la pwani. Kwa hiyo ufa ulianzia nyuma, kwenye kona ya ndani, na kona hiyo ina pembe kali, haikuviringwa hata kidogo. Weupe ni alama ya plastiki iliyovutwa kupita kiasi kabla ya kuachia. Hii haikuwa ajali ya siku moja. Ufa ulikuwa ukitembea kidogo kidogo tangu sikukuu.

Jumapili

Nilianza na njia fupi kwa sababu wakati mwingine njia fupi inatosha. Nilizisafisha nyuso mbili kwa spiriti, nikapaka gundi ya sianoakrilati, ile ya kichupa kidogo inayouzwa kila duka, nikazibana kwa sekunde 30. Kwa unyevu wa hewa yetu gundi hii hukauka upesi sana, kwani ni unyevu wenyewe unaoifanya igande. Baada ya saa tatu nilikirudisha kifyatuo mahali pake bila kufunga ganda, nikakivuta kwa kidole.

Kilihimili mivuto 11. Wa kumi na mbili kiliachia kwa mlio mkavu, na gundi yote ilibaki upande mmoja ikiwa ngumu na angavu kama kioo. Sikushangaa sana. Gundi hiyo ni nzuri pale ambapo vitu viwili vinavutwa moja kwa moja au vinabanwa, lakini kikono hiki kinapindwa, na kupinda kunafungua ufa kutoka ukingoni kama mtu anayebandua stempu. Gundi isiyonyumbuka haiwezi kustahimili hali hiyo. Nilikwangua mabaki yote kwa wembe mpaka nikaiona tena plastiki ya buluu, kwa sababu hakuna gundi nyingine itakayoshika juu ya mabaki ya ile iliyoshindwa.

Jumatatu

Nimeitumia jioni yote kuitambua plastiki, na ningewasihi wanaotengeneza vitu vya watoto wasiiruke hatua hii. Plastiki zote zinafanana machoni, ilhali kila moja ina tabia yake. Polithini ya madumu ya maji na polipropilini ya vifuniko vya chupa hazishiki karibu gundi yoyote ya kawaida. Asetali, ambayo mara nyingi hutumika kwenye vali na magurudumu madogo yenye meno, nayo ni hivyo hivyo. ABS, plastiki ngumu ya maganda ya vifaa vingi, kinyume chake, inayeyuka kwenye asetoni, kimiminika kinachotumika kufutia rangi ya kucha, na hivyo vipande vyake viwili vinaweza kuunganishwa vikawa kitu kimoja.

Nilikata kwa wembe kipande chenye ukubwa wa punje ya mchele kutoka kwenye ubavu wa kifyatuo usiofanya kazi, nikakitumbukiza kwenye bilauri ya maji yenye tone moja la sabuni. Sabuni inahitajika kwa sababu kipande kidogo namna hiyo kinaweza kubebwa na ngozi ya maji tu, kikaonekana kinaelea kumbe sicho. Kilizama, lakini polepole, kikiyumba kama jani. Polithini na polipropilini zingeelea, hivyo zikaondoka kwenye hesabu. Kisha nilikoroga vijiko viwili vikubwa vya chumvi kwenye maji yale, kiasi cha mililita 250, nikasubiri yatulie. Kipande kikapanda juu. ABS ina uzito wa takriban gramu 1.05 kwa kila mililita, na maji ya chumvi nyingi hivyo yanaupita uzito huo. Asetali, yenye gramu 1.41, ingebaki chini hata ningemimina mfuko mzima wa chumvi, na PVC vivyo hivyo.

Jaribio la mwisho lilikuwa la asetoni yenyewe, niliyoipata kwenye duka la vipodozi baada ya kusoma lebo za chupa nne, maana dawa nyingi za kufutia rangi ya kucha siku hizi hutengenezwa bila asetoni. Tone moja kwenye ncha ya pamba lilitosha: kipande kikalainika, kikanata kwenye kidole kama ubani uliopata moto. Hii ni ABS, au ndugu yake wa karibu sana, na ninaweza kuendelea.

Jumanne hadi Alhamisi

Nilihitaji plastiki ya kujazia. Nilikuwa na kipanya cha kompyuta kilichokufa, na ndani ya ganda lake herufi ABS zimechapwa waziwazi. Nilikikatakata vipande vidogo, nikavitia kwenye kichupa cha kioo chenye kifuniko cha chuma, nikamimina asetoni mpaka ikavifunika, nikaacha usiku kucha. Asubuhi kulikuwa na uji mzito wa kijivu unaotiririka kama asali. Kazi hii niliifanya barazani, milango ikiwa wazi na jiko la gesi likiwa mbali, kwa sababu mvuke wa asetoni unashika moto kwa urahisi sana, na watoto sikuwaruhusu wakae karibu hata kidogo.

Kuunganisha peke yake kungekirudisha kikono katika udhaifu wake wa mwanzo, kwa hiyo nilitaka kukiongezea nguvu upande unaoumia. Kifyatuo kinapokwenda nyuma, kichwa cha ufito kinakisukuma kikono mbele. Basi uso wa nyuma ndio unaovutwa, na uso wa mbele ndio unaobanwa. Upande wa nyuma haukuwa na nafasi ya kiraka, kwa kuwa kichwa cha ufito kinapita karibu mno. Nilichonga mifereji miwili myembamba kwa ncha ya chuma cha kulehemu, ikivuka mahali pa mvunjiko na kuingia kwenye mwili wa kifyatuo. Ndani ya kila mfereji nililaza waya wa shaba niliouvua kwenye kipande cha kebo ya umeme ya milimita mraba 1.5. Nilichagua shaba badala ya kibanio cha karatasi, ambacho ni rahisi kupatikana zaidi, kwa sababu chuma cha kibanio kingeshika kutu ndani ya miezi michache kwa hewa yetu ya bahari, na kutu huvimba ikapasua plastiki iliyoizunguka.

Mpango ulikuwa hivi: kwanza nyuso mbili za mvunjiko zililowanishwa kwa asetoni tupu na kubanwa kwa kibanio cha nguo, zikaachwa saa sita. Kisha waya zikazamishwa, mifereji ikajazwa uji wa ABS kwa kijiti cha kibiriti katika tabaka tatu nyembamba, kila tabaka likikaushwa kwa saa kadhaa. Tabaka moja nene lingefunika asetoni ndani yake, na sehemu ingebaki laini kwa siku nyingi huku juu ikionekana kavu. Uso wa mbele ulipata kiraka cha milimita 2 kutoka kwenye ganda la kipanya. Mwisho, kona ya nyuma, ile yenye pembe kali, niliijaza uji na kuiviringa kwa ncha ya kijiko cha chai mpaka ikawa na mviringo wa milimita 3 hivi. Ningependa waliotengeneza kifaa hiki wangeufanya mviringo huo tangu mwanzo, kwani usingewagharimu chochote.

Alhamisi usiku nilipiga msasa taratibu. Kikono sasa ni cha rangi mbili na si kizuri kukitazama, lakini kimenyooka.

Ijumaa, baada ya sala

Leo nilifanya jaribio kavu na nikapata jambo ambalo sikulitarajia, nalo limenifanya niahirishe kufunga ganda.

Nilikirudisha kifyatuo, nikaanza kukivuta polepole nikiangalia kikono peke yake. Kwa sehemu kubwa ya mwendo kilitulia. Kisha ufito ukagonga mwisho wa chumba chake na kusimama, lakini kidole changu kilikuwa bado na nafasi ya kwenda, na nilipoendelea kuvuta nikakiona kikono kikijipinda mbele kwa macho yangu. Kifyatuo hakikuwa kimefika kwenye mshikio. Hakuna kitu kilichokizuia isipokuwa kikono chenyewe.

Nikatoa rula. Ufito una mwendo wa milimita 7. Kidole kinakaa milimita 30 kutoka kwenye pini na kikono milimita 12, kwa hiyo kidole kinatembea mara 2.5 ya kikono, yaani milimita 17.5, wakati ufito unapofika mwisho. Nafasi kati ya kifyatuo na mshikio ni milimita 23. Milimita 5.5 za mwisho hazifungui vali hata chembe. Kazi yake ni kukivunja kikono.

Baada ya hapo nilitaka kujua nguvu. Jirani yangu muuza samaki aliniazima mizani yake ya ndoano. Springi ya vali ilihitaji kilo 1.2 ili ianze kurudi, na hata kama mgandamizo wa maji ungefika baa 2, usingeongeza kilo 0.6 kwenye plagi ndogo kama ile. Jumla haizidi kilo 1.8 kwenye kikono, sawa na niutoni 18. Kisha nilimwita mpwa wangu, nikampa ndoano ya mizani aivute kwa vidole viwili kama anavyovuta kifyatuo wakati wa mchezo. Alifika kilo 4, karibu niutoni 40. Ufito ukiwa umesimama, nguvu hiyo inazidishwa mara 2.5, na kikono kinapokea niutoni 100.

Kwa kikono chenye kimo cha milimita 8 na unene wa 3, na nguvu ikikaa milimita 10 kutoka shinani, kazi ya kawaida inaleta mkazo wa niutoni 15 kwa kila milimita mraba. Mvuto wa kupitiliza unaleta 83. ABS ya kawaida huanza kushindwa kati ya 40 na 50. Niliirudia hesabu mara mbili, kisha nikamweleza mtoto kwamba bunduki yake haikuvunjika kwa sababu aliitumia vibaya. Mama yake alikuwa amemwambia kwamba ana mikono mizito, na yeye alikuwa ameliamini neno hilo. Alinyamaza kidogo, akauliza: "Kwa hiyo sikuivunja mimi, mjomba?" Nikamwambia la, si wewe, hapana mtoto anayejua ufito umesimama wapi ndani ya plastiki asiyoweza kuiona.

Jumamosi

Dawa ya tatizo lenyewe imekuwa ndogo kuliko kazi yote ya wiki. Nilikata kizuizi cha ABS chenye unene wa milimita 8 kutoka katika tabaka nne za ganda la kipanya zilizounganishwa kwa asetoni, nikakibandika ndani ya mshikio, nyuma ya kifyatuo, usawa wa kidole. Sasa kifyatuo kinakwenda milimita 15 kikagonga kizuizi, ufito ukiwa umerudi milimita 6 na umebakiwa na milimita 1 ya usalama. Nguvu yoyote ya ziada inaingia kwenye mshikio, ambao ni mnene na unaweza kuihimili.

Kabla ya kufunga nilipaka ringi za mpira za pampu na za vali grisi ya silikoni, kiasi cha kuzifanya zing'ae tu. Mafuta ya mgando ya kujipaka mwilini yapo kila nyumba na yanavutia kuyatumia, lakini baadhi ya aina za mpira huvimba yakizigusa, na sikuweza kuthibitisha ringi hizi ni za aina gani. Skrubu nilizirudisha kwa kuzigeuza kwanza kinyume mpaka nikasikia kila moja ikidondoka kwenye njia yake ya zamani, kisha nikazikaza kwa vidole vitatu, si kwa kiganja. Skrubu inayojichimbia njia mpya kwenye plastiki huikwangua ile ya zamani, na baada ya kufunguliwa mara mbili au tatu tundu haliishiki tena.

Jaribio la maji lilifanyika uani. Mshono wa mbele ulivuja matone machache kwenye mikupuo ya mwanzo, nikaona kwamba ringi moja ilikuwa imejipinda nilipofunga. Nilifungua, nikailaza sawasawa, na uvujaji ukaisha. Tulihesabu pamoja mivuto 100, mimi 40 na yeye 60, naye nilimtaka avute kwa nguvu zake zote. Kila mvuto ulimalizikia kwa mgoto mfupi wa kizuizi ambao haukuwapo zamani. Maji yalifika kwenye shina la mpera, hatua 9 zangu kutoka tulipokuwa tumesimama, na sikuona tofauti yoyote na alivyoniambia kwamba yalikuwa yakifika siku ya sikukuu.

Jumamosi iliyofuata

Nimeifungua tena leo, baada ya wiki nzima ya mchezo mtaani, kwa lengo moja tu la kuangalia kona ya nyuma ya kikono. Mpwa wangu ndiye aliyeshika kioo cha kukuzia, na ndiye aliyeipeleka kurunzi taratibu kutoka shinani hadi nchani. Plastiki ni ya kijivu na ya buluu kama nilivyoiacha. Mstari mweupe haupo. Kwenye kizuizi kuna alama ndogo ya kung'aa pale kifyatuo kinapogonga, na skrubu zote 9 zimerudi mahali pake.